Kabla ya kwenda kazini kwa baiskeli, ipite njia Jumapili

Ukitaka kuanza kwenda kazini kwa baiskeli, usianze Jumatatu asubuhi. Ipite njia yote kwanza Jumapili, magari yakiwa machache. (Watu wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wana bahati: desturi ya kuyafungia magari barabara kuu siku hiyo ili waendeshaji baiskeli wajimwage ilianza kwao mwaka 1974.) Na usifuate njia ya basi. Tafuta mitaa ya ndani, hata ikikuongezea kilomita moja. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni dakika 4 tu.

Pita mbali na magari yaliyoegeshwa, karibu mita nzima, maana mlango ukifunguliwa ghafla breki hazitakuokoa. Wengi hujibana pembeni kabisa wakidhani ndiko kwenye usalama, kumbe huko ndiko madereva hawakuoni vizuri, na ndiko kwenye mashimo na vipande vya chupa. Kwenye makutano, usisimame kamwe ubavuni mwa lori. Dereva ana eneo kubwa asiloliona, na lori likikata kona magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele.

Kiti kipandishe mpaka ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Magoti yakiuma, mara nyingi kosa ni la kiti, si la umri.

Jasho je? Begi lifunge kwenye keria, lisikae mgongoni.