Kamera ya nyuma ya gari imekuwa nyeusi? Pima hivi mbele ya kulipa ingine

Hapa Goma gari nyingi za Japani ziko na kamera ya nyuma, siku moja ekrani inakuwa nyeusi na mwenye gari anasema kamera imekufa. Mara mingi kamera iko mzima, ni waya njo imekatika.

Angalia namna inafanya kazi. Ukiingiza giya ya kurudi nyuma, kuna ka switshi ku giyabogisi kanaunganisha umeme, volti 12 zinaenda ku taa nyeupe ya nyuma, na kamera ya kufungiwa ku garaji inakula umeme pale pale ku ile taa. Waya ingine ndogo inaenda mbele kuamsha ekrani, na picha inapita mu kabo yake, ile ya kichwa cha njano. Njia tatu, basi.

Kupima: weka kontakti bila kuwasha moteri, vuta handibreki, kanyaga breki, ingiza giya ya nyuma. Mtu asimame pembeni (si nyuma!) aangalie taa nyeupe. Kama haiwake, anza na fyuzi na kale ka switshi, kamera usiiguse. Inawaka lakini ekrani inabaki ku redio? Ni waya ya kuamsha. Ekrani inabadilika lakini hakuna picha? Basi ni umeme wa kamera, masi (waya yake inayofungwa ku chuma ya gari), ao kabo ya picha.

Yangu ilikuwa hiyo ya mwisho. Nililipa kamera mpya, nikafunga, weusi ule ule, mpaka fundi wa umeme akavuta ule mpira mweusi wa mlango ya nyuma, ule unajikunja kila ukifungua, na ndani waya nyekundu ilikuwa imekatika, shaba yake imegeuka kijani. Akaunga kipande kingine, akailegeza kidogo ili isivutike tena, picha ikarudi palepale. Anzia pale. Na kama kamera mpya inatoa picha inarukaruka ao haina rangi, angalia kama ni PAL, juu ekrani za Japani zinataka NTSC (PAL na NTSC ni namna mbili za kutuma picha ya video, hazipatane).

Vumbi yetu nayo: ni mawe ya volkano Nyiragongo yaliyosagika, inakwaruza lensi kama msasa. Usipanguse kavu hata siku moja, mwaga maji kwanza, kisha kitambaa laini. Ukungu ikiwa ndani ya lensi, maji yameshaingia, hapo njo unalipa ingine.

Mistari ya rangi inayoonyesha umbali ku ekrani usiiamini bila kuipima, juu lensi ni pana sana na inafanya kitu cha karibu kionekane mbali. Simamisha gari mu parseli, weka mawe matatu nyuma ya bampa: nusu metre, metre moja, metre mbili. Kaa ku usukani, ona kila jiwe linaangukia mstari gani, ushike mu kichwa. Ukipakia mizigo mingi, nyuma ya gari inashuka, kamera inainama, vitu vinaonekana mbali zaidi tena.

Marekani tangu Mei 2018 kila gari mpya ndogo lazima ikuwe na kamera hii, na sheria yenyewe ilitoka ku vifo vya batoto waliogongwa na gari ikirudi nyuma, mara mingi mzazi njo yuko ku usukani. Kamera haione mtoto anayetokea mbio pembeni. Kwa hiyo zunguka gari na miguu, ita batoto wote bakuwe ku baraza, ubahesabu, kisha njo uingize giya.