Kuchagua mtaa wa kununua nyumba ya kupangisha Dar es Salaam, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita nilizunguka Dar es Salaam wikendi tatu mfululizo na shemeji yangu, muuguzi anayefanya kazi Dodoma. Ana milioni 70 alizozikusanya kwa miaka kumi na moja, na swali lake lilikuwa moja: anunue wapi nyumba ya kupangisha? Siku ya kwanza alishuka na picha za nyumba 14 kwenye simu, zote za madalali. Tuliziweka pembeni. Nyumba huchaguliwa mwisho. Unaanza na mpangaji, unafuata mtaa, halafu ndiyo unatafuta nyumba. Nasimamia nyumba za kupangisha hapa jijini, mbili zangu na nyingine za watu walio mbali, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Mtaje mpangaji

Usiandike "mtu yeyote mwenye hela". Andika mtu mmoja. Muuza duka wa Kariakoo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyekosa hosteli. Muuguzi wa Mloganzila mwenye zamu za usiku. Familia changa yenye gari moja. Kila mmoja ana mitaa yake. Mwanafunzi utampata Changanyikeni, Survey na Sinza; Tuangoma haendi hata ukimpunguzia kodi nusu. Muuguzi wa Mloganzila ataulizia Kibamba, Kwembe na Mbezi. Familia yenye gari itakubali kupanda Goba au Madale, ambako lami imefungua maeneo yaliyokuwa ya vumbi tupu.

Shemeji alichagua wafanyakazi wa Kariakoo na Posta wanaotafuta chumba na sebule. Kwa uamuzi huo mmoja tulifuta zaidi ya nusu ya mkoa.

Hatua ya 2: Safiri naye asubuhi

Nenda Jumatatu, saa 11 na nusu alfajiri, usimame kituoni ambako mpangaji wako atasimama. Usiende Jumapili, barabara za Dar siku hiyo ni za mji mwingine. Hesabu magari yanayopita yamejaa kabla hujapata nafasi, kisha safiri mpaka kazini kwake na uandike muda.

Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mitaa ya kutembea kwa miguu kutoka vituo vya Korogwe, Bucha na Baruti ilipata wapangaji wa aina mpya. Watu wengi sasa wananunua kwa kufuata njia nyingine za mwendokasi, za Mbagala na Gongo la Mboto. Ushauri wangu: lipia mabasi unayoyaona yakipita, usilipie kituo kilichojengwa. Na pima dakika za miguu kutoka kituoni hadi mlangoni. Zikizidi 15, mpangaji atapanda bodaboda kila siku, na hela hiyo ataikata kichwani mwake kwenye kodi yako. Kigamboni nako hivyo hivyo. Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016 na limesaidia sana, lakini tozo ya daraja ni sehemu ya gharama ya kuishi kule kwa mwenye gari au pikipiki, na anayetumia pantoni ana foleni yake.

Hatua ya 3: Uliza hali ya upimaji wa mtaa

Hili fanya mapema, kwenye ofisi ya mipango miji ya manispaa husika. Sinza na Kijitonyama zilipangwa tangu miaka ya 1970. Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mivumoni na Mbweni zilikuwa kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kwingine kuna urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja ambavyo watu walishajenga bila mpango. Mimi nakubali mtaa wenye hati, au mtaa wa urasimishaji ambako bikoni, yale mawe ya mipaka, zimeshawekwa. "Upo kwenye mchakato" si jibu, endelea na mtaa mwingine.

Hatua ya 4: Fuata maji

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Januari 2014 nilinunua nyumba ya vyumba vinne upande wa Basihaya. Jua kali, mchanga mkavu, upepo mzuri, bei nzuri. Niliambiwa "hapa hapajai maji, labda kidogo barabarani". Aprili ikanyesha ile mvua kubwa ya mwaka huo. Nilifika asubuhi nikakuta wapangaji wangu wamekaa juu ya meza, watoto wamebebwa, na maji ya kahawia yamefika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Familia mbili zilihama wiki hiyo hiyo nikawarudishia kodi ya miezi iliyobaki. Nyumba ilikaa tupu miezi saba, kisha nikaiuza kwa hasara.

Niliporudi kuiangalia kwa utulivu, ushahidi wote ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Soketi za umeme zilikuwa usawa wa kifua changu. Nilipoziona Januari nilifikiri fundi alikuwa mrefu. Mwenye nyumba alizipandisha kwa sababu alishayajua maji. Kwa jirani, friji ilikuwa juu ya matofali matatu. Vizingiti vya milango viliongezwa saruji. Ukuta wa nyuma ulikuwa na matundu chini, ya kupitisha maji. Rangi mpya iliishia kiunoni, na nyuma ya kabati palikuwa na mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa na rula.

Kwa hiyo, ukifika kwenye mtaa usianze na nyumba inayouzwa. Tembea nyumba za majirani. Angalia soketi, vizingiti, viroba vya mchanga mlangoni, na mashimo ya choo yaliyoinuliwa juu ya ardhi. Angalia kinacholimwa kwenye viwanja vitupu: ukiona magimbi, mpunga na matete, ardhi imeshakujibu. Sikiliza na jina la mahali. Bondeni, Bwawani na Mtoni hazikuitwa hivyo bure. Lakini jina peke yake halitoshi: Jangwani inasikika kama sehemu kavu kuliko zote, na kila mtu hapa mjini anajua Mto Msimbazi hufanya nini pale. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia watu wa bondeni Mabwepande, na bado bonde lile lilijaa tena na tena.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukiuliza "panajaa maji?" utajibiwa hapana, maana kila mwenye nyumba ana thamani ya kulinda. Uliza hivi: "Masika iliyopita maji yaliishia wapi?" Mtu akishaonyesha kwa kidole, umepata jibu. Bodaboda muulize, "Mvua ikinyesha unapita njia gani?" Mama ntilie muulize siku aliyoshindwa kufungua. Wasiwe na habari kwamba unanunua.

Kuna mambo manne ya ziada ambayo ramani haitakuonyesha.

La kwanza, nyumba inaweza kuwa kilimani, kavu kabisa, lakini njia pekee ya kutokea inavuka kijito. Mvua ya usiku mmoja kalavati limekwenda, na mpangaji wako hafiki kazini. Huyo hakai mwaka.

La pili, mito yetu inahama. Mto Mbezi na Mto Tegeta kingo zake zinaliwa, na uchimbaji wa mchanga unaongeza kasi. Umbali wa mita 60 unaotajwa na Sheria ya Mazingira ya 2004 ni wa kuzuia shughuli za kudumu kando ya mto. Mimi naongeza mara mbili, napima kutoka ukingo uliobomoka na siyo kutoka kwenye maji.

La tatu, lami mpya. Barabara ikiinuliwa, viwanja vya pembeni vinabaki chini kama sahani. Ukiona unateremka ngazi mbili kuingia uani, uliza mfereji uko wapi na unamwaga wapi.

La nne, historia nzuri haitoshi. Mtaa ambao haukuwahi kujaa unaweza kuanza kujaa pale watu wa juu wanapofukia bonde na kujenga fensi. Hapo ndipo ninapopenda Google Earth kwenye kompyuta: kuna kitufe cha kurudisha picha za miaka ya nyuma. Rudi nyuma mpaka picha ya zamani kuliko zote uone kilichokuwapo kabla ya mabati. Ukiona kijani kinachopinda kama nyoka kupita chini ya nyumba za leo, hiyo ilikuwa njia ya maji. Hii natumia kabla hata ya kupanda gari, imeniokolea nauli nyingi.

Na rudi siku ya mvua. Hakuna mbadala wa hili. Vaa mabuti, nenda mvua ikiwa inaendelea, si kesho yake.

Hatua ya 5: Hifadhi ya barabara, umeme na gesi

Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Morogoro Road, Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Kwa hiyo sinunui chochote kinachotazama barabara kuu bila barua ya TANROADS, wakala wa barabara, inayotaja upana wa hifadhi, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Ukiona X nyekundu, alama ya kubomolewa, ukutani kwa jirani, hata iliyofifia, simama hapo uulize. Nyaya za umeme mkubwa na njia ya bomba la gesi, hasa upande wa Kinyerezi, vina hifadhi zake pia.

Hatua ya 6: Tafuta kodi halisi

Kodi iliyotangazwa na kodi inayolipwa ni vitu viwili. Vaa uso wa mpangaji, ukaulize vyumba vitano kwenye mtaa huo huo. Kisha uliza swali muhimu zaidi: vimekaa tupu muda gani? Angalia na kama wenye nyumba bado wanapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo au wameshaanza kukubali mitatu. Wakikubali mitatu kwa urahisi, wapangaji wamekuwa haba mahali hapo.

Hatua ya 7: Hesabu

Tuseme nyumba ya milioni 70 ina vyumba vinne vya chumba na sebule, kila kimoja 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu kwa kila kimoja, 600,000. Toa kodi ya zuio, ile ya serikali kwenye pango, asilimia 10 ya kilichobaki, 660,000. Toa matengenezo, tuseme 500,000. Umebaki na 5,440,000, chini kidogo ya asilimia 8 ya bei. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kubalianeni mapema nani anaibeba. Linganisha na hatifungani za serikali za muda mrefu, ambako unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kama hatifungani inalipa zaidi, basi nyumba hiyo unainunua kwa kutegemea ardhi kupanda bei, na mtaa wake lazima uwe na sababu ya kupanda.

Hatua ya 8: Sasa mpigie dalali

Mpe mitaa miwili tu, kwa majina, na bei ya mwisho. Akikuletea nyumba, fanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, kisha nenda serikali ya mtaa na uzungumze na majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka.

Shemeji amebakiza mitaa miwili, mmoja nyuma ya kituo cha Korogwe na mwingine ndani zaidi, Kimara Baruti. "Shem, kwa nini tusilipe sasa?" aliniuliza kituoni akirudi Dodoma. Nilimwambia tusubiri. Mitaa yote miwili ina mteremko unaoishia kwenye kijito, na sijakiona kikiwa na maji. Masika ikianza nitashuka huko asubuhi, nimpigie simu ya video kutoka kwenye kalavati.