Kuwaandaa Wanaojitolea na Mbwa Wao Kuwahudumia Waliofikwa na Maafa Unguja na Pemba

Mbwa wa faraja si mbwa wa polisi wala si mbwa wa kutafuta miili. Kazi yake ni kukaa kwa utulivu karibu na mtu aliyepatwa na mshituko, aguswe akitakiwa na aondolewe asipotakiwa, huku mwongozaji wake akimsikiliza mtu huyo. Huduma hii imeota mizizi zaidi Marekani, ambako mbwa wa namna hiyo walipelekwa kwa waokoaji na wafiwa baada ya mlipuko wa Oklahoma City mwaka 1995 na baada ya mashambulizi ya New York mwaka 2001. Taratibu za huko zilitungwa kwa watu waliozoea kulala nyumba moja na mbwa. Hapa kwetu walio wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito, kwa hiyo mara nyingi aliyefiwa hatamtaka mbwa karibu naye, na ana haki hiyo. Mafunzo ya visiwani yaanze basi na mwongozaji mwenyewe, mpaka aweze kuikamilisha kazi yote hata kama mbwa hakushuka garini.

Ukubwa wa kazi yenyewe tunaujua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na jamaa walikusanyika katika viwanja vya Maisara kutambua maiti zao. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Katika mkusanyiko wa namna ile mtu huhitaji kwanza maji, kanga ya kujisitiri, simu yenye chaji na habari ya kweli kuhusu nani ameonekana na nani bado. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 umeipanga kazi hii katika hatua tatu, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na sioni sababu ya kubuni mpango mwingine.

Hatua ya kusikiliza ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo ipewe muda mrefu kuliko zote. Wakalishwe wanafunzi wawili wawili, mmoja asimulie jambo la kweli lililomuumiza lakini ambalo anaweza kulistahimili, na mwenzake asikilize dakika kumi bila kutoa ushauri, bila kuhadithia msiba wake mwenyewe na bila kuuliza zaidi ya alichoambiwa. Wengi hushindwa mapema, kwa sababu tumelelewa kumnyamazisha anayelia. Maneno kama "usilie, ni kazi ya Mungu" yana mahali pake yakitoka kwa mzee wa familia au imamu. Yakitoka kwa mgeni aliyevaa fulana ya kujitolea humwambia mfiwa kwamba huzuni yake inasumbua watu. Inatosha kusema makiwa au pole, kujitambulisha kwa jina, kukaa chini kwa usawa wa mwenzako na kunyamaza. Wanawake wahudumiwe na wanawake kila inapowezekana. Siri nayo ifundishwe kwa ukali, kwani katika shehia ambamo kila mtu ni jamaa wa mwenzake, neno moja lililosemwa barazani jioni hufika kwa mhusika kabla ya Alfajiri.

Kuunganisha maana yake ni kumkabidhi mtu kwa anayeweza kumsaidia zaidi: sheha, ndugu, Msalaba Mwekundu, kituo cha afya cha karibu, au daktari wa afya ya akili kwa anayetaka kujidhuru au asiyelala siku nyingi. Usimtajie mtu Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Unguja, ghafla, maana masikioni mwa wengi ni sawa na kumwita mwendawazimu. Mweleze kwanza kwamba yapo maumivu ambayo yana daktari wake, na umsindikize.

Mbwa achaguliwe kwa tabia, si kwa sura. Mbwa koko aliyelelewa vizuri hufaa sawa na wa kununuliwa ghali, mradi awe amevuka mwaka mmoja na nusu, hana historia ya kung'ata na anapenda kuguswa na wageni. Anayevumilia tu bila kupenda aachwe nyumbani. Awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati na apewe dawa za minyoo. Kwa anayevuka kwenda Pemba sharti hili halina mjadala: huko ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014, kisha ukarudi mwaka 2016 kwa virusi vilivyoingia kutoka nje ya kisiwa.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni ule mtihani wa vipengele kumi wa chama cha mbwa cha Marekani, ulioanza mwaka 1989, ambao humtaka mbwa atembee bila kuvuta kamba, apite katikati ya watu, akae anapoamriwa, aje anapoitwa, na abaki na mtu mwingine kwa dakika tatu bila mwenyewe kuonekana. Kwetu yaongezwe honi ya boti, kanga inayopepea, kuku, punda, na paka wa Mji Mkongwe, ambao si mtihani mdogo. Anza mbali na kinachomshitua, mpe kipande cha nyama kila anapokigeukia kisogo na kukutazama wewe, kisha sogea hatua chache siku inayofuata. Usimpige, kwa kuwa mbwa anayeogopa mkono hafai kuguswa na mtu anayetetemeka.

Jambo moja lisisamehewe: asirambe wala asiruke kifuani. Kwa madhehebu ya Shafi penye unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kumlazimisha mfiwa kufanya hivyo kabla ya kusali ni kumwongezea mzigo. Kikosi kichukue ndoo ya maji na kopo la udongo safi, mbwa awe mkavu na alale juu ya mkeka wake mwenyewe, mbali na msikiti, maiti, mahali pa kutawadha na jiko la msiba. Mwongozaji amwache na mwenzake upande usio na njia, aende peke yake kwa mtu na kuuliza: "Tuna mbwa aliyefunzwa; ungependa kumwona, au tukae bila yeye?" Kunyamaza kuhesabiwe kuwa ni kukataa. Kwa mtoto aulizwe kwanza mzazi au mlezi. Kwa uzoefu wa nchi hii watakaokubali huenda wakawa zaidi wageni, wapiga mbizi na waokoaji wenyewe, na hao nao wamepatwa.

Wakati wa kaskazi joto huwa adui wa mbwa, ambaye hujipoza hasa kwa kuhema. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami au saruji; ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, mbwa asikanyage hapo. Zamu iwe nusu saa kisha kivuli na maji, na kwa siku nzima isizidi saa mbili. Akipiga miayo bila usingizi, akijilamba midomo, akigeuza uso au akifyata mkia, zamu imekwisha hata kama foleni ingali ndefu. Mtu akikwaruzwa au kung'atwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano, aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa huyo asirudi kazini.

Jioni waongozaji wakutane kabla hawajatawanyika, kila mmoja aseme alichokiona na kinachomkaa rohoni, bila kutaja majina ya waliohudumiwa. Aliyefiwa katika ajali hiyo hiyo asipangwe kesho yake, hata akiomba. Kiongozi aandike daftarini saa za kila mbwa, idadi ya waliomkubali na waliomkataa, na tarehe ya kupimwa tena, ambayo isipite mwaka mmoja.