Bushi ya plastiki badala ya shaba: hatua kwa hatua kutoka karakana ya Nyakato

Mara ya kwanza kukereza (kuchonga kwa mashine inayozungusha kipande) bushi ya plastiki, yaani kile kipete kinachokaa kati ya shafti na tundu lake, nilifanya kosa ambalo bado naliona kwa mafundi wengi wa hapa Mwanza. Nilichukua bushi kuukuu ya shaba, nikaipima kwa kalipa, nikatoa pacha wake wa naironi. Zilikuwa za rola za konveya katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Ziliingia vizuri, zikazunguka kimya, nikalipwa. Wiki mbili baadaye simu ikaita: "Fundi, rola zako zimegoma." Nilikuta mkanda unaburuzika juu ya rola zilizosimama, na bushi zimeing'ang'ania shafti hadi nikazikata kwa msumeno. Pale kiwandani sakafu na mashine huoshwa kila zamu, na naironi ilikuwa imekunywa maji ikavimba.

Tangu siku hiyo sinakili kipimo cha shaba. Ninavyofanya sasa ni hivi.

Hatua ya 1: Ijue kazi ya kifaa kabla ya kushika kisu

Uliza mambo matatu: kuna maji? Kuna joto? Inazunguka kasi gani? Kwenye joto nina kipimo changu cha mkono. Mashine ikiwa kazini, weka kiganja juu ya hausingi, yaani nyumba inayoshika bushi kwa nje. Ukishindwa kuvumilia, bakiza shaba. Shaba hulibeba joto na kulitoa nje kupitia hausingi, lakini plastiki hulifungia ndani mpaka yenyewe inalainika. Kwa hiyo shafti kuu ya mashine ya kusaga unga usiiguse, wala winchi au chochote kinachoning'iniza mzigo juu ya vichwa vya watu. Rola za taratibu, eleveta za mpunga, reli za milango na vitelezi vya mikanda, hapo plastiki inafaa sana.

Hatua ya 2: Hakikisha plastiki uliyouziwa ndiyo uliyoiomba

Mjini kwetu kila plastiki ngumu nyeupe inaitwa naironi. Zipo angalau tatu, na tabia zao ni tofauti kabisa. Naironi 6 ikiloa hadi kushiba hubeba maji karibu asilimia 9 ya uzito wake. Asetali haifiki asilimia 1. Polietilini ya daraja la UHMW (yenye molekuli ndefu sana) hainyonyi kitu, ila ni laini zaidi na haipendi joto la kupita nyuzi 80.

Omba kipande kidogo cha mche, kitumbukize kwenye ndoo. Kikielea ni polietilini. Kikizama, kwangua nyuzi chache uzichome kwa kiberiti, mahali penye upepo. Naironi hunuka kama nywele au kwato iliyoungua. Asetali huwaka kwa mwali wa buluu ambao mchana huuoni vizuri, na moshi wake unachoma pua na macho, kwa hiyo usiinamie. Polietilini hunuka mshumaa uliozimwa.

Pakavu natumia naironi. Penye maji natumia asetali. Kama wanaosha kwa klorini kali, hata asetali italika, basi nenda kwenye polietilini. Kuna pia kompoziti ya kitambaa cha pamba kilichoshindiliwa na gundi ya fenoli, ya rangi ya kahawia. Hiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko zote hizi na hupenda kulainishwa kwa maji, lakini vumbi lake lisiingie kifuani. Vaa barakoa.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tuchukue rola ileile: shafti 40 mm, tundu la hausingi 50 mm, bushi ya asetali.

Nje naipa mbano wa 0.2 mm, yaani nakereza 50.2. Bushi ikishindiliwa ndani, tundu lake hujifunga kwa karibu kiasi hichohicho, 0.2. Halafu shafti inahitaji nafasi ya kupumua. Kwa shaba ningeacha 0.05 hivi, kwa asetali naacha 0.25. Kwa hiyo tundu kabla ya kushindilia ni 40 + 0.2 + 0.25, yaani 40.45 mm. Kijana wangu wa karakana alipoona namba hiyo mara ya kwanza alicheka, akasema shafti itacheza kama kinu na mchi. Baada ya kushindilia tulipima 40.24.

Ukitumia naironi, hata pakavu, ongeza 0.1 nyingine, maana hewa ya ziwani peke yake inaivimbisha. Pia acha pengo la nusu milimita ubavuni. Asetali hutanuka kwa joto takriban mara 8 au 9 ya chuma, na isipopata pa kwenda itabana.

Hatua ya 4: Kereza

Kisu kiwe kikali kama wembe, kilichonolewa upya, kisiwe kile ulichotoka kukerezea chuma asubuhi. Taya za mashine zinazoshika kipande zisikaze sana. Ukikaza, utakereza tundu la duara safi, ukilegeza taya linageuka pembetatu. Uzi wa plastiki hautakatika vipande kama wa chuma, utatoka mrefu kama utepe na kujisokota kwenye taya. Simamisha mashine ndipo uutoe. Usiuvute kwa mkono inazunguka.

Usipime kipande kikiwa cha moto. Mimi huacha 0.5 mm, naenda kunywa chai, narudi kumalizia.

Hatua ya 5: Ingiza

Nyundo hapana. Kiwanda cha samaki kina barafu tele, basi itumie: funga bushi kwenye mfuko mkavu, ifukie kwenye barafu saa nzima. Itasinyaa zaidi ya 0.1 mm, na jiliwa la kawaida litatosha kuisukuma ndani ikiwa imenyooka. Chonga ukingo wa kuingilia kidogo ili isikwanguke.

Kabla ya kurudisha shafti, pitisha kucha juu yake. Kucha ikikwama kwenye mfereji au kutu, ipige msasa laini au ibadilishe. Shafti yenye kutu hutafuna plastiki kama tupa.

Hatua ya 6: Grisi

Bushi hizi hazihitaji grisi. Kwenye mashine ya mpunga grisi ni mbaya zaidi, kwa sababu inashika pumba na vumbi, vinageuka dawa ya kusugulia shafti. Nilizoea kuwaeleza mafundi wa zamu, wanaitikia vizuri kabisa, na Jumatatu nakuta grisi imejaa. Wameona tundu la grisi, wamepiga. Siku hizi nalikata uzi wa skrubu, naliziba kwa boliti kabla sijaondoka.