Unataka katuni ya zamani ya Kijapani kwenye diski orijino? Fanya hivi kabla hujatoa hela

Assalaam alaykum wapenzi wa katuni. Kila nikipita sokoni Darajani, hapa Unguja, vijana wananiuliza suali lile lile, Captain Majed ile ya zamani nzima naipata wapi, diski orijino sio ya kukopi, na wengine wanasubiri miaka kitu ambacho pengine hakitoki abadan, kwa hivo leo nakaa naeleza vile ninavotafuta mimi.

Anza na jina la Kijapani. Sisi tuliotoka chuoni tukakimbilia kwa jirani mwenye dishi tumezijua hizi katuni kwa Kiarabu, lakini Captain Majed kwao ni Captain Tsubasa, ya mwaka 1983, vipindi 128. Ukitafuta kwa jina la Kiarabu utapata vipande vipande tu na hutojua mali ya nani.

Halafu sasa, mali ya nani, na hapa usiwe na haraka maana ndo kwenye mzizi wa mambo yote. Katuni ya zamani haina mwenyewe mmoja. Kuna aliyetunga hadithi, kuna studio iliyochora, kituo cha tv, wadhamini, na wimbo wa mwanzo nao una kampuni yake ya muziki. Ichukulie kama nyumba ya mirathi pale Mji Mkongwe, warithi wako Unguja, Pemba, Muscat, mmoja akikataa kusaini basi nyumba haiuziki inabaki kuporomoka tu huku kila mtu anaipenda. Na mikataba ya miaka ya 70 iliandikwa kwa ajili ya kuonyesha kwenye tv, DVD haikuwepo hata kwenye ndoto, kwa hivo anayetaka kuitoa nje leo lazima awarudie wote upya, na wengine washafariki au kampuni zilishafungwa.

Mfano unaoniuma ni Candy Candy, vipindi 115, 1976 mpaka 1979. Mwandishi Kyoko Mizuki na mchoraji Yumiko Igarashi walifikishana mahakamani mpaka mahakama kuu kabisa ya Japani, hukumu ikatoka 2001 kwamba mwandishi naye ana haki yake kwenye ile kazi, lakini wawili hawapatani na katuni imefungiwa. Macross ya 1982 nayo ilikwama miaka na miaka kwa ugomvi wa kampuni ya Marekani na za Japani, wamekuja kuelewana 2021. Kwa hivo ukiona katuni yako ina kesi, usisubiri, tafuta nyengine.

Kama haina kesi hesabu vipindi. Vipindi 128 ukitia sita sita kwenye DVD ni diski zaidi ya 20, na kampuni ya nje inalipia leseni, tafsiri, kupiga diski, maboksi, wanunuzi wenyewe ni watu wazima wachache. Legend of the Galactic Heroes yenye vipindi 110 ilipotoka Marekani 2018 boksi liliuzwa kama dola 800! Tena Wajapani wana hofu yao, diski hufungwa kwa maeneo ya dunia, deki ya eneo moja haisomi diski ya eneo jengine, lakini Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD) za kwao na za Marekani ni eneo moja, A, na za kwao ni ghali, sasa ikitoka ya rahisi kule watu wao wataagiza ya Marekani.

Picha nayo iulizie. Zile za tv za miaka ya 70 na 80 nyingi zilipigwa kwenye filamu ya milimita 16, ikiwa filamu ipo wakaiskani upya inatoka safi sana, lakini nyingi za mwanzo wa 2000 zilitengenezwa kwenye kompyuta kwa saizi ndogo, hizo hata uzikuze vipi hazizidi.

Ukishaipata, kabla hujamtumia mtu hela angalia namba ya eneo nyuma ya boksi. Sisi huku DVD ni 5, Japani 2, Marekani 1, na Blu-ray sisi ni B. Mimi nilimuagiza binamu yangu akaniletea seti nzima, naitia kwenye deki inakataa, roho iliniuma wallahi. Laptopu unaweza kuibadilisha eneo la DVD lakini mara 5 tu, ya mwisho inaganda hapo hapo, kwa hivo bora deki inayosoma maeneo yote. Na diski za Japani nyingi hazina maandishi ya Kiingereza, uliza kwanza.

Fuatilia kampuni ya Discotek Media ya Marekani, wale wanazitoa khasa za zamani, na ukiiona nunua mapema maana leseni inaisha muda wake na kampuni zinakufa, ADV Films ilifunga 2009 na diski zake nyingi hazikupigwa tena. Rose of Versailles ya 1979 Marekani imefika kwenye DVD 2013, miaka zaidi ya 30, kwa hivo subira pia iwepo. Sisi tunachanga watu watatu, mmoja Wete wawili mjini, boksi linazunguka na boti, na likifika kwako liweke kabatini juu mbali na ukuta unaotoka chumvi, unyevu wa huku unatia ukungu kwenye diski mpaka hazisomi.