Somo: Kuinua gari-nyumba kwa kriki juu ya ardhi ya Goma

Jambo wote. Wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kimoja: namna ya kuinua Coaster, lile basi dogo la Toyota, iliyogeuzwa nyumba, ili fundi aingie chini kushughulikia breki au kupaka grisi. Naandika hapa mara moja, kila mmoja asome. Ninayosema yanafaa pia kwa Fuso, kwa Canter ya mizigo, na kwa yale magari makubwa ya wasafiri yenye vitanda na jiko ndani. Kriki ndiyo kauli yetu Goma. Ndugu wa Mombasa na Dar es Salaam, someni jeki.

Hatua ya kwanza ni ardhi, na hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Mji wetu umekaa juu ya lava, ule uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo uliopoa ukawa jiwe. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na leo watu wamejenga na kufungua garaji juu yake. Ukiitazama unaona jiwe, unasema jiwe halizami. Lakini lava inapopoa, ngozi ya juu huganda kwanza, na chini hubaki matundu. Pengine sentimita chache tu za jiwe zimefunika shimo. Niliwahi kusimamisha kriki ya tani 10 juu ya lava tupu, bila mbao. Nikapampu mara sita, saba, nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna mkaa. Kriki ikalala upande, gari likashuka kwa kishindo, likakomea kwenye tairi la akiba nililolisukuma chini ya chasisi muda mfupi kabla. Mwanafunzi wangu alikuwa bado ameshika spana, mkono wake karibu kabisa na ngoma ya breki. Hakuumia. Mimi usiku ule sikulala.

Kwa hiyo gonga ardhi kwa mtaimbo au nyundo nzito. Jiwe zima hulia kwa sauti kali na nyundo inaruka. Lenye shimo huitikia kama mtungi mtupu. Likiitikia hivyo, hama. Ile changarawe nyeusi ya volkano nayo iondoe kwa sepeteu mpaka ufike pagumu, kwa sababu vipande vyake vinajiviringisha chini ya uzito. Halafu weka mbao. Hesabu ni rahisi: kitako cha kriki chenye sentimita 15 kwa 15 kina eneo la sentimita mraba 225. Ukikitwika tani 3, kila sentimita mraba inabeba zaidi ya kilo 13. Ubao wa 60 kwa 40 unashusha mzigo huo mpaka kilo moja na robo hivi. Lakini uwe mnene, sentimita 5 au zaidi, mbao ngumu iliyokauka. Ubao mwembamba unapinda katikati na hautandazi kitu. Waulizeni wanaochonga chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, hao wanajua mti upi unavumilia mzigo.

Hatua ya pili, uzito. Soma kibao cha gari kinachoonyesha uzito wa kila ekseli. Gari-nyumba halilingani na basi lililolizaa: tangi la lita 200 likijaa maji ni kilo 200, na mara nyingi limewekwa nyuma pamoja na betri na jenereta. Mwaga maji. Funga chupa ya gesi. Toa watu wote. Kisha chagua kriki yenye uwezo wa kubeba ekseli nzima, hata kama unainua upande mmoja tu.

Hatua ya tatu, kabari. Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu nimeona hata mafundi wazoefu hawalijui. Kwenye Coaster nyingi na malori madogo ya Kijapani, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Inashika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, pale inapoanzia propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini, hakuna shida. Ukiinua moja, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliruhusu lile la hewani lizunguke upande huu na lile la chini lizunguke upande ule. Propela haijasogea hata kidogo, breki ya mkono imekaza sawasawa, na gari linatembea! Kuacha gia ndani hakusaidii, kwa sababu ileile. Basi ukiinua nyuma, magurudumu ya mbele yote mawili yapate kabari mbele na nyuma, zilizopigwa kwa nyundo zikakaa. Jiwe la kuokota barabarani si kabari. Gari hulipanda au hulisukuma.

Kama unatoa gurudumu, legeza nati robo mzunguko sasa hivi, tairi likiwa bado chini. Usiziondoe.

Hatua ya nne, mahali pa kupachika. Kwa nyuma weka kriki chini ya ekseli, karibu na pale springi zinapofungwa. Usiguse kifuniko cha difu wala bomba la breki. Tena kwenye gari-nyumba kuna mtego: fundi aliyeligeuza huenda alirefusha nyuma kwa vyuma vya kuchomelea ili apate nafasi ya kitanda. Vyuma hivyo vimeshikilia sakafu, havikutengenezwa kubeba gari. Fuata chasisi ya kiwandani kwa mkono na jicho mpaka uone inapoishia. Mbele, ukikuta ekseli nzima, fanya vilevile. Ukikuta mikono ya sasipensheni, tumia pale tu kitabu cha gari kinapoonyesha.

Inua sentimita mbili, simama, tazama. Kriki imenyooka? Mbao imepasuka? Kabari zimekaa? Endelea. Ukihitaji kuinua pande zote mbili, nenda kidogo kulia, kidogo kushoto. Kona moja ikipanda sana peke yake, chasisi inajikunja, na nyumba iliyo juu inajikunja nayo: mlango unagoma kufunguka, kioo kinapata ufa.

Hatua ya tano, stendi za chuma, zile tunazoziita shandeli kwa Kifaransa chetu. Zisimame juu ya mbao nene kama kriki. Soma maandishi: tani zilizoandikwa mara nyingine ni za stendi mbili pamoja. Shusha gari mpaka lilale juu ya stendi kabisa, kisha lisukume kwa mabega kutoka pembeni. Kama litacheza, afadhali licheze wewe ukiwa nje. Kriki iache ikigusa tu, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chasisi. Mafuta ya kriki yanashikiliwa na sili ya mpira, na sili ikichoka haikuagi. Usiweke hata mkono chini kabla ya stendi.

Kushuka ni njia hiyohiyo kinyume, polepole, baada ya kuhakikisha spana zote na watu wote wametoka.

Maswali ya wanachama

Kutoka Ndosho: Fundi, aksanti kwa somo. Mimi niko na bloki za saruji za kujengea, nzito kabisa. Naweza kuzitumia pa nafasi ya stendi?

Hapana, kaka. Bloki hubeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa juu yake yote. Ekseli inagusa sehemu ndogo tu. Bloki haipindi kwanza ikakuonya, inapasuka mara moja. Kama huna stendi, panga vipande vya mbao nene kwa kupishana, viwili hivi, viwili vile, na kitako kiwe kipana kuliko kimo.

Kutoka Bukavu: Kwetu ni mteremko mtupu, na mvua ikinyesha udongo unateleza. Tufanyeje?

Kazi ya kuingia chini usiifanye kwenye mteremko. Lipeleke gari mahali tambarare, hata kama ni kulipia maegesho. Tairi likipasuka njiani huna budi, basi kabari zote zielekee upande wa bondeni, mtu mmoja azilinde kwa macho, badilisha tairi ukiwa pembeni, shusha.

Kutoka Himbi: Fundi, watoto wakiwa wamelala ndani, ni lazima niwaamshe kwa kazi ya nusu saa?

Waamshe, mama. Mtoto akiamka na kukimbilia mlangoni, uzito unahama na gari linatikisika juu ya kriki. Tena ngazi ya kushukia imekuwa juu kuliko alivyoizoea.

Kutoka Lubumbashi: Gari letu lina miguu yake ya kusawazisha, unabonyeza kitufe linapanda lenyewe. Si inatosha?

Inatosha kwa kulala bila kubiringika kitandani. Miguu hiyo ni mafuta na sili kama kriki yoyote, tena mirefu na rahisi kusukumwa pembeni. Weka stendi chini ya chasisi. Na kama lina sasipensheni ya upepo, toa upepo kwanza, kisha tegemeza chasisi, si ekseli pekee: pulizo likipasuka, mwili wa gari unashuka ghafla na ekseli inabaki ilipo.

Kutoka Majengo: Nati za upande wa kushoto zimekataa, nimevunja mpini wa spana.

Tazama ncha ya boluti. Ukiona herufi L, hiyo inafunguka kwa kuzungusha kama saa, kinyume cha ulivyozoea. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yako hivyo kushoto. Isafishe kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kupenyeza, subiri, ujaribu tena. Ukishafunga gurudumu, kaza nati kwa kupishana, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hivi. Ukienda mji wa Sake na kurudi, umbali kama huo, simama hapohapo mlangoni, zima injini, toa spana, zipitie zote.