Somo: Kuanza mazoezi ya nguvu baada ya upasuaji wa bega

Habari zenu wapendwa. Somo hili nimelichelewesha makusudi mpaka nipite hatua zote mwenyewe. Mimi nilishonwa kano za bega la kulia, zile za misuli minne midogo inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Kama wewe ulifanyiwa upasuaji mwingine, mfano bega lililokuwa linateguka mara kwa mara, ratiba yako ni tofauti. Muulize daktari wako kabla hujanifuata.

Shika hili kabla ya yote: maumivu huisha mapema, kano hupona baadaye. Miezi ya mwanzo kano imeshikiliwa na uzi tu, na hushikana na mfupa polepole mno. Ndiyo maana mazoezi ya nguvu kwa kawaida husubiri hadi wiki ya 12 hivi. Mimi wiki ya 9 nilikuwa sisikii maumivu kabisa, nikabeba dumu la lita 20 kutoka bombani hadi jikoni. Usiku ule sikulala, na mtaalamu wa fiziotherapia akanirudisha nyuma wiki tatu. Fuata kalenda, usifuate unavyojisikia.

Hatua ya 1: Kioo. Umeshatoa slingi (kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, wengi huvaa wiki 4 hadi 6), umeshanyoosha mkono kama ulivyoelekezwa, na daktari amekuruhusu. Simama mbele ya kioo, inua mikono yote miwili. Bega bovu likikimbilia sikioni, ujue misuli midogo bado imelala na ile ya shingo inaibebea kazi. Usinyanyue kitu bado.

Hatua ya 2: Ukuta. Simama ubavu kwa ukuta, bega bovu upande wa ukuta, kiwiko umekikunja kama herufi L. Kunja taulo dogo, libane kati ya kiwiko na mbavu. Sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, robo tu ya nguvu zako, hesabu hadi 10, achia. Rudia mara 10. Kisha nenda kwenye fremu ya mlango, usukume kwa kiganja kuelekea tumboni. Taulo likidondoka, kiwiko kimetoroka, anza upya.

Hatua ya 3: Mpira. Hapa ndipo nguvu inapojengwa, usiparuke. Mipira ya kuvuta ya mazoezi ya dukani ni mizuri, ila mimi nilitumia mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo. Ukague nyufa kwanza, usije ukakukatikia usoni. Ufunge kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kiwiko. Zungusha mkono kwenda nje, taulo likiwa palepale kati ya kiwiko na mbavu, kisha kwenda ndani. Halafu vuta kuja ubavuni kama mtu anayepiga kasia, huku ukibana mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane. Seti 2 za mara 15, siku 3 kwa wiki. Kurudi kuwe taratibu kuliko kuvuta. Hesabu moja, mbili, tatu.

Hatua ya 4: Chupa za maji. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, inatosha. Inua kwa mshazari kati ya mbele na pembeni, kidole gumba juu, uishie usawa wa bega.

Hatua ya 5: Pushapu za ukutani, kisha mezani, mwisho sakafuni. Kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuning'inia na kuinua vyuma juu ya kichwa visubiri miezi 6 au zaidi, na ruhusa ya daktari.

Maumivu yapime kwa 0 hadi 10. Hadi 3 endelea. Yakizidi hapo, au yakikuamkia kesho yake asubuhi, punguza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina kisukari. Miezi mitatu imepita na mkono haufiki hata kichwani. Niongeze mpira?*
Hapana, mama yangu. Wenye kisukari hukakamaa bega kirahisi zaidi. Mpira uweke pembeni, rudi kwa daktari, na sukari uifuatilie kwa karibu.

*Kaka, bega linalia ko-ko nikiinua mkono.*
Mlio usio na maumivu mara nyingi hauna neno. Ila likilia pamoja na maumivu, au mkono ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha au ukapata homa.

*Miguu naruhusiwa?*
Sana! Kuchuchumaa na kupanda ngazi usiache. Chuma tu usikibebe mabegani.

*Mimi ni bodaboda, nyumbani wananitegemea. Lini narudi barabarani?*
Pole sana, mdogo wangu, najua njaa haina kalenda. Lakini ukifunga breki ghafla, uzito wako na wa abiria unaishia mikononi, na ukianguka utajikinga kwa mkono huohuo. Subiri ruhusa ya daktari. Kama kuna ndugu unayemwamini, mpe pikipiki akuletee hesabu kwa miezi hii.